Matundu Mawili Chini ya Bampa

Kwa Wakongomani wa Buffalo huko Amerika, na hata wale wa Columbus na Louisville, mtu mwenye akili timamu hakununua gari kabla Nshombo hajalinusa. Na kunusa hapa si maneno ya kupamba. Alikuwa anapiga magoti, anaingiza pua chini ya zulia la gari, anavuta pumzi, kisha anatamka, "Hii ililala mu maji." Muuzaji ataapa kwa jina la mama yake, lakini Nshombo atakuwa ameshaanza kufuta mikono, na mazungumzo yamekwisha.

Alikuwa fundi, mzaliwa wa Bukavu, mwenye gereji ndogo kwenye uchochoro wa Lower West Side. Alimshuku kila mtu: wauza magari, wauza vipuri, watabiri wa hali ya hewa, na yeyote anayecheka kabla hujamaliza kusema. Watu walimpigia simu kutoka Louisville wakamsikilizisha injini, naye akiwa kule kule Buffalo, simu sikioni, anasema, "Acha hiyo. Iko na kikohozi." Wakaiacha, wakamsifu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Aliyelipa gharama ya sifa hizo ni mkewe, Nzigire. Alikuwa anahudumia wazee majumbani mwao huko Kenmore, na alikwenda kazini kwa basi, theluji ianguke isianguke. Mke wa fundi, kwa basi! Kila gari alilolipenda Nzigire, mumewe alilikuta na dhambi. Hili liligongwa, lile limepakwa rangi mara mbili, lile la tatu mwenye nalo ana macho ya mbwa aliyeiba nyama. Nzigire akaacha kuomba. Akanunua buti nzuri.

Walikuwa na binti mmoja, Jolie, aliyehamia Columbus kwa kazi na kupanga nyumba mtaa wa Linden. Huko, kwenye harusi ya rafiki, alikutana na kijana wa Kitanzania aitwaye Eliamini, Mpare, mfanyakazi wa kiwanda aliyekuwa akiishi Louisville kwa mjomba wake. Jolie alipowaambia wazazi, Nzigire alipiga vigelegele kwenye simu. Nshombo aliuliza kijana anaongeaje.

"Anaongea polepole, papa. Taratibu."

"Njo ile naogopa," Nshombo akasema. "Muntu wa kusema polepole anachagula maneno."

Hata hivyo siku ya kujitambulisha ilipangwa, wakati wa kiangazi. Wageni walitoka Louisville, wakampitia Jolie Columbus, wakaja wote hadi Buffalo. Aliyewaongoza ni Mzee Severin, mjomba wa Eliamini, mtu mnene wa heshima aliyevaa koti la suti katika joto lile na hakulivua. Nyuma ya gari lao, Eliamini mwenyewe aliendesha kigari kidogo chekundu, kimefungwa kitambaa cha kitenge kwenye boneti.

Severin alieleza mbele ya watu wote, uani. Kijana amesikia kwamba mama mkwe wake anakwenda kazini kwa basi. Kwa hiyo zawadi ya mama, badala ya blanketi na vitenge peke yake, ni hiki kigari. Ni cha zamani kidogo, lakini hakijatembea sana.

Nzigire alishika mdomo kwa mikono miwili. Jolie alikuwa anamtazama mama yake, si gari. Na Nshombo, ambaye saa ile alitakiwa kusema asante tu, alitembea taratibu kuelekea kwenye boneti.

"Papa Jolie," Nzigire akaita. "Bageni banangoja. Sombe inapoa mu sahani."

"Kwetu hata ng'ombe ya mahari banaiangalia meno mbele ya bantu bote," Nshombo akajibu. "Haiko matusi. Ni heshima kwa ng'ombe."

Wageni wakacheka. Walidhani ni utani wa wakwe, na Severin akapiga makofi. Kicheko kilianza kupungua Nshombo alipoagiza jeki. Kilipotea kabisa alipolala chali chini ya gari akiwa amevaa shati lake jeupe la sherehe.

Alichokiona kilimfurahisha, na hilo ndilo la kusikitisha. Hesabu ya maili kwenye dashibodi ilikuwa ndogo sana. Kiti cha dereva kilikuwa kama kipya, raba za pedali hazijalika. Lakini beringi za magurudumu zilikuwa zimechoka zinalia, na boneti ilikuwa imedonolewa na mawe kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Juu ya hayo, chini ya bampa ya mbele kulikuwa na matundu mawili, moja kila upande, yametobolewa na mtu, na karibu yake nyaya zimekatwa na kufungwa kwa utepe mweusi. Magurudumu mazee, kiti kichanga. Kwa Nshombo hesabu ilikuwa nyepesi. Gari limetembea nusu ya Amerika, hesabu ikarudishwa nyuma, kiti na pedali vikabadilishwa ili uongo ukae vizuri.

Akatoka chini, mgongo umejaa vumbi.

"Bon," alisema, kwa sauti ya watu wote. "Hii gari iko na bongo, inatudanganya. Kilometraje banairudisha nyuma. Nani alitoboa hapa mbele? Donc hizi nyaya, nani alizikata?"

Eliamini alisogea akachungulia. "Baba, nimelinunua kwa mzee mmoja kule Louisville. Alivyoniambia ndivyo tulivyowaambieni. Hayo matundu mimi siyajui."

"Muntu anunue gari na hajuwi?"

"Siyajui, baba."

"Umeleta bongo mu nyumba yangu na kitenge juu yake! Muntu anarudisha kilometraje ni mwizi, na mwizi sitamupa mutoto."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lingepona wiki ile ile. Eliamini aliyatazama tena yale matundu. Hakuwa na jibu, na kwa macho ya Nshombo mtu asiye na jibu amekwisha kukiri. Severin alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

"Tumekuja na kijana," alisema, "tunaondoka na mwizi. Asante kwa kutukaribisha."

Wakaondoka bila kuonja chakula. Zawadi iliyokataliwa haiachwi uani kwa watu, kwa hiyo kigari chekundu nacho kilirudi, na Jolie alikuwa amekaa ndani yake. Baada ya hapo alikitumia yeye mwenyewe kwenda kazini huko Columbus. Kwa baba yake alipiga simu mara moja tu.

"Papa, harusi itakuwa. Huku Linden, kanisani kwetu, novembre. Mama atakuya. Wewe usikuye."

Kwa watu Nshombo alisema ameokoa mtoto. Alilisema kanisani, akalisema gereji, akalisema dukani akinunua samaki wa chumvi. Mtu aliyeokoa mtoto hana haja ya kulirudia hivyo. Ukweli ni kwamba moyo ulimuuma. Alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo angetembea kuelekea madhabahuni akishika mkono wa mtu mwingine. Alipopiga simu Jolie hakupokea. Alipoandika ujumbe, uliandikwa umesomwa, basi. Usiku alimwambia Nzigire kwamba yule kijana amempa mtoto dawa. Nzigire akageukia ukutani.

Majani yalipoanza kupukutika, Nzigire alimletea mteja kutoka Kenmore. Alikuwa bibi wa Kizungu aitwaye Wanda, dereva mstaafu wa basi la shule, na Nzigire alikuwa anamtunza dada yake. Wanda alikuwa na nyumba ya magurudumu, yaani gari kubwa kama basi la kwaya, ndani kuna kitanda, jiko na choo. Kila mwaka kabla ya theluji alikwenda nayo kusini, na nyuma yake alivuta kigari kidogo cha bluu, magurudumu yote manne yakiwa chini. Sasa chuma cha kuvutia kilikuwa kimeliwa na kutu. Alitaka kipya chenye nguvu zaidi, nyaya mpya za taa, na kile kisanduku kinachokaa miguuni mwa dereva kikikanyaga breki chenyewe kila nyumba inapofunga breki. Na tena, akasema, kigari kinalia magurudumuni.

Nshombo alimsikiliza huku akimtazama viatu.

"Nyumba inavuta gari," alimwambia Nzigire walipobaki peke yao. "Gari muzima, injini muzima, banaivuta sawa maiti. Juu ya nini?"

"Juu ya kwenda soko, papa Jolie. Utapaki nyumba mbele ya duka la nyanya?"

Hakuridhika. Kanada iko ng'ambo ya mto tu, na bibi mwenye nyumba inayotembea anaweza kubeba mengi. Kabla hajashika spana, Nshombo aliinua tairi la akiba, akagonga milango kwa vidole akisikiliza kama kuna kitu ndani, akapapasa chini ya viti. Alipata mwavuli na pakiti ya biskuti. Akanusa biskuti. Zilikuwa biskuti.

Ndipo akapandisha kigari cha bluu juu akaanza kazi. Beringi zilikuwa zimekwisha kabisa. Boneti ilikuwa imedonolewa na mawe. Akafungua mlango akatazama kiti cha dereva: kama kipya. Pedali: raba haijalika. Dashibodi: maili chache, za aibu. Ile furaha yake mbaya ikamrudia. Amekamata mwingine! Akatoka hadi nje, alikokuwa Wanda amekaa kwenye kiti cha plastiki akinywa kahawa.

"Mama," alisema kwa Kiingereza chake cha gereji, "aliyekuuzia gari hili alikudanganya. Hesabu ya maili imerudishwa nyuma."

"Nani kaniuzia? Nimelinunua jipya, dukani. Halijawahi kuwa na mtu mwingine."

"Lakini magurudumu yamechoka sana."

Wanda akacheka, kicheko kile kile ambacho Nshombo hukishuku. "Si limekwenda Florida na kurudi kila mwaka? Limevutwa, mwanangu. Injini imezimwa, gari limelala. Magurudumu yanazunguka, hesabu haiongezeki hata moja. Na mawe yote yanayorushwa na nyumba yangu linayapokea usoni, maskini."

Nshombo hakumwamini. Alisema lazima aone. Wanda, ambaye hakuwa na haraka, akakivuta kile kigari kwa nyumba yake hadi Kenmore na kurudi, taratibu, kwa chuma kile kile cha zamani, na Nshombo amekaa kwenye meza ya kulia chakula ameishika kwa mikono yote miwili. Waliporudi alikimbilia dashibodi. Maili zilikuwa zile zile alizoziacha.

Akarudi kazini. Akafungua bampa. Akafungua chuma kilichooza, kile chenye masikio mawili yanayopenya chini ya bampa na kuchungulia mbele, akakiweka sakafuni. Akakata nyaya za zamani, akafunga ncha zake kwa utepe mweusi zisigusane. Kisha akasimama nyuma kidogo kutazama kazi yake, kama afanyavyo kila fundi, na mbele yake kulikuwa na matundu mawili, moja kila upande, na nyaya zilizokatwa na kufungwa kwa utepe mweusi.

Alikaa chini sakafuni, kwenye mafuta. Kigari chekundu nacho kilikuwa kimevutwa na nyumba ya mtu, hesabu imelala.

Aliona aibu. Si aibu ya kukosea gari, maana fundi yeyote hukosea gari. Ilikuwa aibu ya kumwita mtoto wa watu mwizi mbele ya mjomba wake, kwa sauti, chakula kikiwa mezani. Nzigire alipoingia kuona kazi imefika wapi alimkuta bado yuko pale chini.

"Mama Jolie," alisema. "Nilikosea."

"Nini? Ulikata waya ya bure?"

"Hapana. Nilikosea kwa Eliamini."

Nzigire alitazama kigari cha bluu, akatazama matundu, na kwa sababu hakuwa mjinga alielewa kabla hajaelezwa. Hakusema nilikwambia. Alisema, "Sasa unangoja nini hapo chini?"

Nshombo alimaliza kazi ya Wanda kwanza, kwa uangalifu, kila nati: chuma kipya, taa, kisanduku cha breki, beringi. Baadaye yeye na Nzigire wakaingia kwenye pikapu yake wakaenda Columbus.

Jolie aliwafungulia mlango huko Linden, akamkumbatia mama yake, akabaki amesimama mlangoni. Nshombo alianza kueleza: nyumba za magurudumu, masikio ya chuma, hesabu inayolala. Alieleza vizuri. Jolie alimsikiliza mpaka mwisho.

"Okay," alisema. "Na unaniambia mimi juu ya nini? Ulimuita mwizi mbele ya bantu. Ukayatoe yale maneno kulekule mbele ya bantu." Akachukua funguo ukutani akamtupia. "Beba gari. Mzee Severin iko Louisville. Njia unaijuwa."

Basi Nshombo akaendesha kigari chekundu hadi Louisville, na beringi zikamlilia njia nzima. Nzigire alikaa pembeni yake, mkoba mapajani. Alikuwa amempigia Severin simu, kwa hiyo walipofika sebule ilikuwa imejaa: Severin, wazee wenzake, mama mmoja wa kanisani aliyekuwapo Buffalo siku ile. Eliamini alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, bado na sare ya kiwandani.

"Shikamoo baba," alisema. Alisimama akampisha kiti. Salamu ile ilimkata Nshombo maini.

Hakukaa. Aliwaomba wote watoke nje, akafungua boneti, akapiga magoti mbele ya bampa, akaanza. "Munaona hapa? Hapa kulikuwa chuma. Wakati nyumba inavuta, gari—"

Severin alikuja akaiteremsha boneti, taratibu, mpaka ikafunga.

"Ya gari tulishayasikia Buffalo, mzee mwenzangu," alisema. "Leo tuambie ya mtu."

Nshombo alibaki amepiga magoti, na sasa hapakuwa na gari la kulitazama. Kulikuwa na watu tu. Ulimi aliokuwa nao siku zote haukupatikana. Alijaribu kuanza na "kama" akaacha. Alijaribu kuanza na "munajuwa" akaacha.

"Nilisema Eliamini ni mwizi," alisema mwisho. "Haiko kweli. Mimi njo nilisema bongo. Mbele yenu. Na mutoto wa bantu alininyamazia. Ninaomba rehema."

Wazee wa Louisville nao walikuwa na haki ya kushuku kidogo, na waliitumia: walimtazama, wakatazamana, mmoja akakohoa. Kisha Severin akamshika mkono akamwinua.

"Ingia ndani," alisema. "Safari hii chakula kitaliwa."

Kililiwa. Eliamini ndiye aliyemnawisha mkwe wake mikono, na wakati maji yanatiririka alisema kwa sauti ya chini, "Baba, hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini. Nilidhani yule mzee aliniuzia kitu kibaya. Nilimtafuta, ameshahama. Ndiyo maana sikuwa na la kukujibu siku ile."

Nshombo alimtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza, na aliona kijana aliyechoka, mwenye kovu dogo juu ya nyusi. Hakujua lilitoka wapi. Hakuwahi kuuliza chochote kumhusu isipokuwa anaongeaje.

Waliporudi Linden Jolie alikuwa ameshasikia yote kwa simu. Walimkuta anapika. Nzigire alichukua funguo za kigari chekundu mkononi mwa mumewe, bila kuomba, akaziweka kwenye mkoba wake. Ni zake. Nshombo alisimama karibu na jiko, hajui aweke wapi mikono. Kulikuwa na neno moja lililomsumbua njia yote tangu Louisville.

"Jolie. Eliamini mwenyewe hakujuwa ile matundu ilitoka wapi. Hakuwa na kitu ya kukuonyesha. Wewe ulijuwa aje kama haongope?"

"Sikujuwa, papa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilimuaminia tu."

Akaendelea kukoroga chungu. Nshombo akauliza lile alilokuwa analiogopa.

"Na mimi?"

Jolie alipunguza moto. Akamgeukia, macho makavu.

"Wewe utakuya harusi," alisema. "Utanishika mukono, tutaingia pamoja. Nilitaka iwe wewe. Lakini kukuaminia, papa, bado. Nitakuangalia kwanza."

Nshombo akasema sawa. Lilikuwa jibu la haki, na lilimuuma kuliko tusi lolote.